Vipimo vya Mashairi ya Kilatini: Somo kwa Sikio la Mkatekumeni

Rumangabo ni mahali palipo kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, katika nchi ya Bwisha, karibu na milima ya moto. Watu wake husema Kinyarwanda, ambacho wengine hukiita Kinyabwisha, na Kiswahili huwaunganisha na jirani zao wa kabila nyingine. Mkatekumeni wa huko, akiingia kanisani, husali kwa lugha aijuayo. Tangu Mtaguso wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya Liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, lugha za watu zilipewa nafasi katika Misa. Walakini hati ile ile haikukifuta Kilatini, na hata leo nyimbo kadha wa kadha za zamani zaweza kusikika, hasa katika ibada ya kuabudu Sakramenti Kuu ya Altare.

Mkatekumeni asikiapo wimbo wa namna hiyo hutambua jambo moja kabla ya kuelewa hata neno moja: wimbo unakwenda kwa mwendo. Maneno hayatupwi ovyo. Yanapanda na kushuka, yanatangulia na kusimama, kama michi ya wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja. Hapo huuliza moyoni: mwendo huo unapimwa kwa nini? Tena, je, ni elimu ya mapadre na wanafunzi wa seminari peke yao?

Hakuna anayemdai mkatekumeni Kilatini kabla ya ubatizo. Hata hivyo somo hili lamfaa, kwa sababu mbili. Kwanza, asomaye kwa kipimo husoma kwa maana, na asomaye bila kipimo aweza kuiharibu maana bila kujua. Pili, mmoja wa watu walioeleza vipimo hivi kwa akili nyingi kupita wengine alikuwa Mwafrika, naye alianza kazi ya kuandika juu ya elimu za namna hii wakati alipokuwa akingoja kubatizwa. Habari zake zitakuja mahali pake. Kwanza sharti ijulikane silabi.

1. Silabi na mkazo

Silabi ni kipande cha neno kitamkwacho kwa pumzi moja. Ba-ba ni silabi mbili. M-li-ma ni silabi tatu. Katika ushairi wa Kiswahili silabi huitwa mizani. Neno la Kilatini hugawanyika vivyo hivyo: pa-nis, maana yake mkate, ni silabi mbili, Do-mi-nus, maana yake Bwana, ni silabi tatu, Ec-cle-si-a, maana yake Kanisa, ni silabi nne.

Katika kila neno iko silabi moja itamkwayo kwa nguvu kuliko nyingine. Nguvu hiyo ndiyo mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu siku zote katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka, mkazo huhama pamoja nalo: píka, pikía, pikiána. Msemaji hafikiri juu yake. Kinywa chake kimezoea.

Kilatini kina desturi nyingine. Neno la silabi mbili hutiwa mkazo katika ile ya kwanza: pánis, máter. Neno la silabi tatu au zaidi hutazamwa silabi yake ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo ikiwa ndefu, huuchukua mkazo: María, peccátor. Ikiwa fupi, mkazo hurudi nyuma hatua moja: Dóminus, Spíritus, Ecclésia. Ndiyo sababu vitabu vya nyimbo za Kanisa huweka alama ndogo juu ya vokali katika maneno marefu, ili mwimbaji asipotee njia.

Hapo ndipo kosa la kwanza la msomaji wa Kiswahili lionekanapo. Kinywa chake hukimbilia kusema Domínus, kwa kuwa ndivyo kisemavyo Kiswahili. Mungu haudhiki kwa kosa hilo, lakini wimbo huvunjika, kama ngoma ipigwayo na mtu mmoja kinyume cha wenzake.

2. Silabi ndefu na silabi fupi

Washairi wa kale wa Roma, waliotangulia kabla ya Kristo na katika karne za kwanza baada yake, hawakupima mashairi yao kwa mkazo. Walipima kwa muda. Silabi nyingine zilikaa kinywani kwa muda mrefu, nyingine kwa muda mfupi, na ndefu moja ilihesabiwa sawa na fupi mbili.

Mfano wa Kiswahili wasaidia. Msomaji na atamke ka, kisha kaa. Neno la pili lashika muda wa mara mbili, na mshairi wa Kiswahili hulihesabu kuwa mizani mbili: ka-a. Mrumi alisikia jambo lililo karibu na hilo, ila yeye aliiita kaa ya namna hiyo silabi moja iliyo ndefu.

Urefu huo haukuwa pambo tu. Ulitenga maana. Malum yenye a fupi ni uovu. Mālum yenye a ndefu ni tunda la mtofaa. Populus yenye o fupi ni watu, taifa; pōpulus yenye o ndefu ni jina la mti. Os yenye o fupi ni mfupa. Ōs yenye o ndefu ni kinywa. Katika mafundisho haya mstari mdogo juu ya vokali huonyesha urefu. Warumi wenyewe kwa kawaida hawakuuandika, waliuacha sikioni.

Silabi huwa ndefu kwa njia tatu. Ya kwanza: vokali yake ni ndefu kwa asili, kama ā katika māter, mama. Ya pili: ina vokali mbili zilizoungana, kama ae na au. Ya tatu: vokali yake, ijapokuwa fupi, hufuatwa kwa kawaida na konsonanti mbili, kama silabi ya kwanza ya carmen, wimbo, kwa maana r na m huuzuia ulimi kidogo. Silabi isiyo na mojawapo ya hayo ni fupi.

Basi, msomaji na ayaweke maneno mawili pamoja: māter, mama, na pater, baba. Mkazo wao ni mmoja, kwa kuwa yote mawili hukazwa mwanzo. Muda wao si mmoja, kwa sababu silabi ya kwanza ya māter ni ndefu na ya pater ni fupi. Maneno haya mawili yakumbukwe, kwa kuwa yatarudi.

3. Mguu

Silabi ndefu na fupi zikipangwa pamoja hufanya kipimo kidogo. Warumi walikiita pes, yaani mguu, kwa sababu shairi hutembea kwa hicho. Iko miguu mingi. Minne yatosha kwa mwanafunzi.

Iambi ni fupi kisha ndefu. Mfano ni Deō, maana yake kwa Mungu.

Trokei ni ndefu kisha fupi. Mfano ni māter.

Daktili ni ndefu kisha fupi mbili. Mfano ni carmina, nyimbo. Jina lake ni la Kigiriki na maana yake ni kidole. Msomaji na akitazame kidole chake cha shahada: pingili ya kwanza, iliyo karibu na kiganja, ni ndefu, mbili zifuatazo ni fupi.

Spondei ni ndefu mbili. Mfano ni cantant, wanaimba.

Akiyaunga pamoja, carmina cantant, yaani wanaimba nyimbo, msomaji amepata daktili moja na spondei moja. Ndio mwendo upendwao mwishoni mwa mstari wa mashairi makubwa ya mashujaa. Mstari huo una miguu 6. Minne ya kwanza yaweza kuwa daktili au spondei, wa tano kwa kawaida ni daktili, na wa mwisho una silabi mbili. Kwa hiyo mstari mmoja waweza kuwa na silabi 13 na mwingine 17, na bado mwendo wao ni ule ule, kwa maana fupi mbili zimekaa mahali pa ndefu moja. Vergilius, aliyezaliwa mwaka 70 kabla ya Kristo na kufa mwaka 19 kabla ya Kristo, alitunga kwa kipimo hicho vitabu vyake 12 juu ya safari za Aeneas.

Mambo mawili zaidi yampasa msomaji kuyajua. La kwanza ni kumeza vokali. Neno likiisha kwa vokali, na lifuatalo likianza kwa vokali, ile ya kwanza humezwa wala haihesabiwi. Desturi hiyo si ngeni kwa mtu wa Bwisha, kwa kuwa asemapo Kinyarwanda kwa kawaida hufanya vivyo hivyo kati ya neno na neno. La pili ni kituo. Katikati ya mstari mrefu pana mahali ambapo neno huisha na sauti hupumzika kidogo. Mashairi ya Kiswahili nayo hukata mstari vipande viwili kwa sababu hiyo hiyo.

4. Agostino alipongoja ubatizo

Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji wa Afrika ya Kaskazini ambao leo huitwa Souk Ahras, katika Aljeria. Akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno, na mwaka 384 akafika Milano katika Italia kufundisha kazi hiyo. Askofu wa Milano alikuwa Mtakatifu Ambrosi.

Mwaka 386 mji ule uliingia katika hatari. Justina, mama yake mfalme kijana Valentinianus, alitaka Ambrosi awape Waario kanisa. Waario ni wale waliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba. Askofu alikataa. Watu wakakaa kanisani mchana na usiku, tayari kufa pamoja na mchungaji wao, na kati yao alikuwamo Monika, mama yake Agostino. Agostino anaeleza kwamba wakati huo ndipo ilipoanzishwa huko desturi ya kuimba tenzi na zaburi, ili watu wasizimie kwa huzuni.

Tenzi za Ambrosi zilikuwa na umbo jepesi kulishika. Kila mstari ulikuwa na silabi 8, kila ubeti mistari 4, na kila utenzi beti 8. Miguu ilikuwa iambi 4, ingawa mahali pengine spondei huikalia iambi nafasi yake. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuushika utenzi kwa kuusikia mara chache tu. Walinzi wa mfalme walikuwa nje. Wimbo ulikuwa ndani, na uliwashika watu pamoja.

Usiku wa Pasaka, mwaka 387, Ambrosi alimbatiza Agostino. Kabla ya siku hiyo, alipokuwa bado akingoja ubatizo, Agostino alikuwa amekwisha kuanza kuandika vitabu juu ya elimu za shule. Kazi yake juu ya mwendo wa mashairi, yenye vitabu 6, aliifuatia baadaye huko Afrika. Katika kitabu cha sita alitwaa mstari mmoja wa utenzi wa Ambrosi, ule wa jioni umsifuo Mungu Muumba, akaupima: iambi 4, silabi 8, na kwa kuwa kila iambi ni fupi moja na ndefu moja, yaani nyakati 3, jumla yake ni nyakati 12.

Akauliza swali ambalo mtoto aweza kuliuliza na mzee asilijibu. Silabi ndefu yapimwaje kwa ile fupi? Fupi imekwisha kupita kabla ya ndefu kuanza. Na ndefu haijulikani urefu wake mpaka imekwisha. Hakuna hata moja iliyobaki ipimwe. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu hupima kitu kilichobaki moyoni, katika ukumbusho. Basi, kipimo cha shairi hakikai katika karatasi. Hukaa rohoni mwa msikilizaji.

Mwaka huo huo wa 387 Monika alifariki dunia huko Ostia. Baada ya maziko Agostino alijizuia asilie, akalala, akaamka, na hapo peke yake kitandani akaukumbuka utenzi ule ule wa jioni. Kisha machozi yakamtoka, akaupata utulivu. Mstari aliokuja kuupima kama mwalimu ulimhudumia kama mwana aliyefiwa na mama.

5. Zaburi aliyowatungia watu wa Afrika

Agostino alirudi Afrika, akawa padri katika mji wa Hippo, ambao leo huitwa Annaba. Huko alikuta Kanisa limegawanyika. Tangu mwanzo wa karne ya nne, baada ya dhuluma za mfalme Diocletianus, Wadonati walikuwa wamejitenga na Wakatoliki. Mume na mke walikaa katika nyumba moja na kwenda kila mmoja kwenye altare yake. Wadonati walikuwa na nyimbo zao, nazo zilipita midomoni mwa watu upesi kuliko hotuba.

Yapata mwaka 393 au 394 Agostino alitunga zaburi ya kuwaeleza watu wa kawaida habari za mgawanyiko huo. Hapo ilimpasa kuchagua. Alijua vipimo vyote vya Vergilius. Kama angetunga kwa miguu ya ndefu na fupi, wenye elimu wangemsifu. Lakini kipimo cha namna hiyo humlazimisha mtungaji kutafuta maneno yasiyotumiwa na watu, ili tu silabi zienee mahali pake. Tena Agostino aliwajua Waafrika wenzake. Aliandika mahali pengine kwamba masikio yao hayakutofautisha vokali ndefu na fupi. Mhubiri aliyetamka ōs na mwingine aliyetamka os walisikika sawa: kinywa kikawa mfupa, na mfupa ukawa kinywa. Kwa hiyo alimshauri mwalimu aseme ossum anapotaka kusema mfupa, ijapokuwa neno hilo si safi kwa wanasarufi, mradi watu waelewe.

Basi aliiacha miguu. Zaburi yake ilipimwa kwa hesabu ya silabi: kwa kawaida 16 katika mstari, kituo katikati, 8 upande huu na 8 upande ule. Kila mstari uliishia kwa sauti ya e. Beti zilianza kwa herufi kwa taratibu ya alfabeti, kuanzia A hadi V, ili zikumbukwe; na watu walikuwa na kiitikio.

Msomaji wa Kiswahili na asimame hapa kidogo. Mstari wa silabi 16, uliokatwa 8 na 8, wenye kina kimoja mwishoni, pamoja na kiitikio! Hicho ndicho kipimo cha shairi la Kiswahili lijulikanalo pwani yote. Mfano wa kupima ni huu:

Mlima watoa moshi, na bonde lalala kimya.

M-li-ma wa-to-a mo-shi, ni 8. Na bo-nde la-la-la ki-mya, ni 8. Hakuna ushahidi kwamba washairi wa pwani waliijua zaburi ya Agostino, wala haihitajiwi. Sikio lisilotenga ndefu na fupi hutafuta msaada katika hesabu na katika kina, iwe Hippo au Mombasa.

6. Nyimbo za Kanisa zipimwazo kwa mkazo

Baada ya Agostino sikio la watu wa Ulaya nalo lilibadilika, hata wengi wakaacha kusikia urefu wa vokali. Watungaji wa Kanisa wakaendelea katika njia iliyo karibu na ile ya zaburi ya Hippo. Wakahesabu silabi, wakapanga mikazo, wakatia vina.

Mwaka 1264 Papa Urbanus wa Nne aliamuru sikukuu ya Mwili wa Kristo iadhimishwe katika Kanisa zima. Tenzi za sikukuu hiyo husemwa kuwa kazi ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na mmojawapo ni Pange lingua. Beti zake mbili za mwisho ndizo ziimbwazo mbele ya Sakramenti Kuu, nazo huitwa Tantum ergo. Kila ubeti una mistari 6: silabi 8, kisha 7, tena 8, tena 7, mpaka mwisho. Mkazo huanguka juu ya silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba.

Mwendo huo waweza kujifunzwa kwa maneno madogo, yasiyo shairi bado:

Máter, páter, fráter, sóror,
pánis, vínum, Dóminus.

Maana yake ni mama, baba, ndugu, dada. Mkate, divai, Bwana. Mstari wa kwanza una silabi 8, wa pili 7. Msomaji akipiga kofi kila penye mkazo, atapata makofi 4 katika mstari wa kwanza. Katika wa pili atapata 3, na la nne litaanguka taratibu juu ya -nus.

Sasa yarudi yale maneno mawili. Katika mashairi ya Vergilius, māter na pater hayawezi kubadilishana mahali, kwa kuwa moja ni zito kwa muda na lingine ni jepesi. Katika nyimbo zipimwazo kwa mkazo yanakaa pamoja kama ndugu, kwa kuwa mkazo wao ni mmoja. Anayeifahamu tofauti hiyo ameupata ufunguo wa somo lote. Kila apewapo shairi la Kilatini, jambo la kwanza kuuliza ni hili: je, hili lapimwa kwa muda, au kwa mkazo?

7. Masikio mawili ya mtu wa Bwisha

Huko Rumangabo mtu huwa na masikio mawili, kwa namna ya kusema. Sikio la Kiswahili huhesabu. Hilo lamtosha kwa Pange lingua na kwa tenzi nyingine za Kanisa.

Sikio la Kinyarwanda lajua zaidi. Lugha hiyo hutenga vokali ndefu na fupi, ijapokuwa maandishi ya kila siku hayaonyeshi. Msomaji ajua mwenyewe maneno yaandikwayo kwa herufi zile zile, ambayo kinywa cha mama yake huyatenga bila shida. Kiganda, lugha ya jirani huko Uganda, huuandika urefu huo wazi: okusiba ni kufunga kwa kamba, na okusiiba ni kushinda kutwa, au kufunga chakula. Mhubiri akikosea urefu, amewaambia watu wafungwe badala ya kuwaambia wafunge!

Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufa mwaka 1981, alichunguza mashairi ya Kinyarwanda, yakiwemo yale ya kusifu ng'ombe, akaonyesha kwamba urefu na ufupi wa vokali una kazi katika vipimo vyake. Yeye mwenyewe alitunga kwa lugha hiyo shairi refu la Kikristo juu ya Mungu na viumbe vyake. Upande wa Kiswahili, Mathias Mnyampala wa Tanzania, mlei aliyeishi tangu 1917 hadi 1969, aliandika habari za Injili kwa umbo la utenzi, wenye mizani 8 katika kila kipande. Kila mmoja alitumia kipimo ambacho watu wake walikuwa nacho sikioni tayari.

Hivyo mkatekumeni wa Bwisha hana haja ya kuogopa. Jambo ambalo watu wa Agostino hawakuweza kulisikia katika Kilatini, yaani tofauti ya ndefu na fupi, yeye amelisikia tangu alipobebwa mgongoni. Linalobaki ni kujifunza maneno.

8. Taratibu ya kusoma

Msomaji apewapo shairi la Kilatini, afuate hatua hizi.

Kwanza, asome maana yake katika lugha aijuayo. Kupima maneno yasiyoeleweka ni kama kuhesabu magunia bila kujua yamebeba nini.

Pili, ayagawe maneno katika silabi, akikumbuka kumeza vokali mahali panapohitajiwa.

Tatu, aulize kama shairi ni la muda au la mkazo. Likiwa la mkazo, aweke alama penye mkazo na kuhesabu silabi. Likiwa la muda, aweke alama penye ndefu na fupi, kisha aitafute miguu.

Nne, atafute kituo, na pale apumzike kidogo.

Tano, alisome kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza apige mwendo kwa mkono, taratibu. Mara ya pili aache mkono ukae, asome kama mtu asemaye na mwenzake. Kipimo kinachopigwa kwa nguvu mno huyafunika maneno, kama ngoma iliyo kubwa kuliko mwimbaji. Agostino, aliyejua vipimo vyote, aliviweka kando vile ambavyo vingewazuia watu wake kuelewa, akashika kile kilichowasaidia. Msomaji naye akivitumia, avitumie kwa shabaha hiyo hiyo: maneno yaingie moyoni na kukaa humo, yapatikane siku ya haja.

Maswali ya kujipima

1. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa wapi? Mkazo wa Dominus hukaa wapi, na kwa sababu gani?

2. Silabi ya Kilatini huwa ndefu kwa njia ngapi? Zitajwe.

3. Māter na pater zafanana kwa nini, na zatofautiana kwa nini?

4. Daktili ni mguu wa namna gani? Kidole chaonyeshaje umbo lake?

5. Kwa nini Agostino hakutaka kutunga zaburi yake kwa miguu ya ndefu na fupi?

6. Zaburi ile na shairi la Kiswahili hufanana katika mambo gani?

7. Zoezi: Msomaji na atafute katika lugha ya nyumbani kwake maneno mawili yanayotengwa na urefu wa vokali tu. Ayatamke mbele ya mzee wa kwao, amwulize kama ameyasikia tofauti yake. Kisha atunge mstari mmoja wa Kiswahili wenye mizani 16, kituo kikiwa katikati.